Maswali yanayoulizwa sana: reli nyembamba za kihistoria, tubaki na uasili kiasi gani na wapi turuhusu mabadiliko?

Nimekusanya maswali ambayo huwa yanarudi kila watu wakianza kubishana kuhusu treni za mvuke za reli nyembamba zinazohifadhiwa. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yanastahili, mengine mistari miwili tu inatosha. Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukashangaa mbele: mabadiliko hayaiui historia, kinachoiua ni mabadiliko yaliyofanyika kimyakimya bila kuandikwa popote.

Reli nyembamba ni ipi hasa?

Reli yoyote ambayo upana kati ya vyuma viwili uko chini ya milimita 1,435, ambao ndo upana wa kawaida duniani. Kwa hiyo mita moja ni nyembamba, 914 ni nyembamba, 762, 610, mpaka ile 597 ya Ffestiniog kule Wales. Walizijenga hivyo kwa sababu kona zinaweza kuwa kali zaidi, unakata mlima kidogo na pesa inayotumika inapungua, ndo maana nyingi utazikuta milimani, migodini na mashambani.

Watu wanasema "turudishe kama ilivyokuwa". Ilivyokuwa lini?

Hili ndo swali lenyewe, na ajabu ni kwamba wengi hawaliulizi. Chukua Ffestiniog. Ilifunguliwa 1836, na miaka hiyo mabehewa yenye mawe ya slate (mawe ya kuezekea) yalikuwa yanashuka mlima yenyewe kwa uzito wake, watu wa breki wamekaa juu, na farasi wanapandishwa kwenye behewa lao la nyuma wanashuka nao halafu ndo wanavuta mabehewa matupu kurudi juu. Mvuke ulikuja 1863. Abiria rasmi 1865. Mwaka 1946 ikasimama, 1955 watu wa kujitolea wakaanza kuifufua. Sasa niambie, uasili ni upi hapo? Wa farasi? Wa 1863? Wa ile miaka ya mwisho nyasi zimefunika mataruma (vile vipande vya chini vinavyobeba vyuma vya reli) na hakuna pesa ya kununua hata rangi?

Kila moja ya hizo ni historia ya kweli. Reli iliyofanya kazi miaka mia haikuwahi kusimama mahali pamoja, mafundi walikuwa wanabadilisha vitu kila wiki kwa sababu walikuwa na mzigo wa kusafirisha, hawakuwa na habari ya kumfurahisha mtu wa kesho. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kikundi chochote kinatakiwa kufanya ni kuchagua kipindi, kukiandika na kuwaambia watu wazi kwamba stesheni hii tunaionyesha kama ilivyokuwa miaka ya 1920, injini hii tumeirudisha ilivyotoka kiwandani, behewa hili tumeliacha lilivyotufikia. Sio lazima kila kitu kiwe kipindi kimoja. Lazima ni kujua umechagua nini.

Lakini si usalama wa leo unaharibu kila kitu?

Usalama umekuwa unabadilisha reli hizi tangu siku ya kwanza. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Talyllyn, Wales hukohuko, upana wake milimita 686. Reli ilipokamilika miaka ya 1860 mkaguzi wa serikali, Kapteni Tyler, alikuja akapima akakuta madaraja yanayopita juu ya njia ni membamba mno, mtu akifungua mlango treni ikiwa chini ya daraja hana pa kutokea. Kubomoa madaraja yote ilikuwa gharama kubwa. Kwa hiyo wakakubaliana hivi: milango ya upande mmoja wa mabehewa ifungwe moja kwa moja, na chini ya madaraja njia isogezwe upande ili upande wenye milango upate nafasi ya kutosha. Mpaka leo abiria wa Talyllyn wanashukia upande mmoja tu na watu wanakuja na kamera kupiga picha hicho kitu kama alama ya reli hiyo, wakati kilianza kama masharti ya mkaguzi. Kwa hiyo mtu akikwambia kanuni zimeingilia historia, mwambie hapo kanuni ndo historia yenyewe.

Breki za zamani zinaweza kuachwa zilivyo?

Kwa treni ya abiria, hapana. Juni 1889 huko Armagh, Ireland, treni ya matembezi ilishindwa mlima, wakaikata katikati, nusu ya nyuma ikarudi chini kwa kasi ikagonga treni nyingine, wakafa watu wapatao 80. Breki zao zilikuwa za vakumu (za kunyonya hewa) lakini sio zile zinazojikaza zenyewe paipu ikiachana. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likalazimisha breki zinazojikaza zenyewe kwenye treni za abiria.

Reli ndogo nyingi za migodi na mashamba hazikuwahi kuwa na kitu hicho, injini ilikuwa na breki ya mkono na gadi ana ya kwake nyuma, basi. Ukiichukua injini ya namna hiyo ukataka ivute watu leo inabidi uiwekee paipu na ejekta (kifaa cha kunyonya hewa) au kompresa (pampu ya hewa). Fanya, na wala usijute, ila kuna namna ya kufanya. Paipu ipite chini ambako haionekani sana, ifungwe kwa klampu na sio kutoboa fremu ya zamani, na kompresa kama ni ya umeme iingie kwenye boksi lililotengenezwa lifanane na boksi la vifaa. Siku moja mtu akitaka kuitoa, aitoe na spana tu, bila gesi ya kukatia.

Boila mpya likiwekwa, injini bado ni ileile?

Injini inayoitwa Prince ilitengenezwa London 1863 na bado inafanya kazi Ffestiniog, na boila imebadilishiwa zaidi ya mara moja. Silinda, matairi ya magurudumu, tangi, kila kitu kinachoguswa na moto, maji au msuguano kina umri wake. Reli zenyewe zilipokuwa za biashara zilikuwa zinafanya hivyohivyo, boila linatolewa linawekwa jingine na hakuna aliyedai injini imekufa.

Ukiniuliza mimi, injini inayofanya kazi inaendelea kuwa yenyewe kwa sababu haijawahi kukatika, kila kipande kimepokelewa na kilichokuwepo kabla yake. Ila kipande cha zamani kinachotolewa kisitupwe kwa muuza chuma chakavu. Kipige chapa ya tarehe, kihifadhi, kipige picha. Mtafiti wa miaka 50 ijayo anaweza kusoma kwenye bamba lile la zamani mambo ambayo hatujui hata kuyauliza.

Afu kuna injini ambazo hazitakiwi kufanya kazi tena kabisa. Kama ndo pekee iliyobaki ya aina yake na bado ina boila la kwanza, rangi ya kwanza chini ya rangi, mikwaruzo ya wafanyakazi wake, iache isimame ndani ya jengo kavu na ujenge nakala ya kuendesha. Huo ni uamuzi mgumu kwa sababu injini iliyosimama haileti tiketi, lakini ukishaikarabati umefuta ushahidi na haurudi.

Boila liwe la riveti au la kuchomelea?

Inategemea na mkaguzi wa boila wa nchi yako na mafundi ulionao. Boila la kuchomelea ni jepesi, halivuji kwenye viungo kama la riveti (pini za chuma zinazoshika mabamba) linavyovuja likizeeka, na mafundi wake wapo. La riveti linapendeza na linaonyesha ujuzi ambao unapotea. Wengine wanachomelea afu wanaweka vichwa vya riveti vya bandia nje. Kwangu hiyo ni sawa mradi kwenye kitabu cha injini imeandikwa wazi kwamba ni bandia.

Tusidharau akili za wazee lakini. Mwaka 1995 huko Gettysburg, Marekani (hiyo ni reli ya upana wa kawaida lakini somo ni la wote) maji yalishuka kwenye boila la injini ya mvuke, bamba la juu ya tanuru likaungua likaachia, wafanyakazi 3 wakaumia. Wachunguzi walikuta vyuma vilivyoshika bamba lile vilipangwa vya aina mbili kwa makusudi, ili likiachia liachie polepole kwa hatua lisipasuke kwa mara moja. Ubunifu wa zamani uliokoa watu. Baada ya hapo Marekani ikaandika upya kanuni za boila, na sasa injini inafunguliwa kukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kimojawapo kikitangulia. Kabla hujabadilisha kitu cha zamani uliza kwanza kiliwekwa kwa nini.

Makaa ya mawe au mafuta?

Watu wengi wanaamini injini ya kweli lazima ile makaa. Sio kweli. Zile Garratt kubwa (injini ndefu zenye seti mbili za magurudumu na boila katikati) za aina ya 59 za reli ya Afrika Mashariki, zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1950 kwa reli ya mita moja, zilikuwa zinachoma mafuta, kwa hiyo ukiziwekea makaa ili zionekane za zamani zaidi utakuwa umetunga historia yako.

Kwa injini iliyozaliwa na makaa swali kubwa ni moto wa porini. Juni 2018 moto mkubwa ulioitwa 416 uliwaka Colorado karibu na reli ya Durango na Silverton, reli ya milimita 914 iliyojengwa mpaka Silverton mwaka 1882. Serikali ya Marekani ilidai chanzo ni cheche za injini ya makaa, na kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 20 mwaka 2022. Reli ikaanza kugeuza injini zake zichome mafuta na ikaongeza dizeli. Kuna wapenzi walilalamika kwamba harufu imebadilika, moshi umebadilika. Nawaelewa kabisa, harufu ni sehemu ya kumbukumbu. Lakini msitu mkavu ukiwaka, ni nyumba za watu na ni reli yenyewe inayoweza kufungwa.

Ffestiniog nao waliwahi kugeuza injini zao kwenda mafuta miaka ya 1970, baadaye mafuta yalipopanda bei wakarudi kwenye makaa. Hapo ndo uone faida ya kufanya mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma: kichoma mafuta na paipu zake vinatoka, wavu wa tanuru unarudi, injini iko palepale. Huko Nilgiri, India, reli ya mita moja yenye meno katikati kwa sababu mwinuko wake unafika 1 kwa 12, walienda mbali zaidi, karakana ya Golden Rock ikajenga injini mpya za aina ya X za kuchoma mafuta kwa sura ileile ya zamani.

Siku hizi pia kuna makaa ya kutengenezwa yaliyochanganywa na mbegu za zeituni zilizosagwa, reli kadhaa Uingereza zimeyajaribu. Usitarajie yawake kama makaa uliyozoea, mchochea moto anajifunza upya jinsi ya kulilisha tanuru.

Mataruma ya chuma, zege au mbao?

Mbao stesheni na sehemu ambazo watu wanapiga picha, kingine chochote kinachodumu huko porini. Basi.

Ila niongeze moja. Picha nyingi za zamani zinaonyesha njia imezama kwenye nyasi na udongo, mataruma hayaonekani, na inapendeza sana machoni. Taruma lililofunikwa huwezi kulikagua, linaoza chini kwa chini mpaka misumari inalegea. Kama unaitaka sura hiyo, iweke kwenye yadi ambako treni inatembea taratibu bila abiria, sio kwenye njia kuu.

Vipimo vikibadilika milimita chache kuna shida gani?

Shida kubwa! Talyllyn tena. Kikundi kilipoichukua mwaka 1951, kundi la kwanza duniani la watu wa kujitolea kuendesha reli ya abiria, injini iliyokuwa inajiweza ni Dolgoch peke yake, ya 1866. Wakanunua mbili kutoka reli ya jirani ya Corris iliyokuwa imefungwa, ambayo kwenye makaratasi ilikuwa ya upana uleule. Ile ya kwanza, Sir Haydn, wakaiweka kazini ikawa inadondoka katikati ya reli. Kumbe Talyllyn kwa miaka mingi walikuwa wameitandaza njia yao pana kidogo kama nusu inchi kuliko ilivyoandikwa, ili injini yao ndefu ipite vizuri kwenye kona, na sehemu ya magurudumu ya Sir Haydn inayokanyaga reli ilikuwa nyembamba. Ile nyingine, Edward Thomas, ilikuwa na magurudumu mapana zaidi ikapita.

Utaona hapo "uasili" ulikuwa ni ujanja wa mafundi wa zamani ambao haukuandikwa mahali. Laiti mtu angeacha karatasi moja tu. Njia ilikuja kutandazwa upya na kurekebishwa, na sidhani kama kuna mtu mwenye akili timamu angetaka ule upana wa ziada ubaki kwa jina la historia.

Njia ikibadilishwa kabisa bado ni reli ya kihistoria?

Ndio. Bwawa la umeme la Tanygrisiau lilizamisha sehemu ya njia ya Ffestiniog pamoja na mdomo wa handaki lake. Watu wa kujitolea walianza 1965 kuchimba njia mpya, wakajenga mzunguko pale Dduallt ambao reli inajipita juu yenyewe ili ipande juu ya kina cha maji, wakapasua handaki jipya, 1978 wakafika Tanygrisiau na 1982 Blaenau Ffestiniog. Hakuna inchi ya kipande hicho kipya iliyo ya 1836. Lakini bila hicho treni ingeishia porini, na kusudi la reli ile tangu mwanzo lilikuwa kuunganisha machimbo na bandari. Kuna wakati unapoteza mawe ili uokoe maana, na mimi hapo niko upande wa maana.

Vipi kuleta injini kutoka nchi nyingine ambazo hazikuwahi kupita hapo?

Reli ya Welsh Highland ilikuwa maskini tangu izaliwe, ilifunguliwa yote 1923, abiria wakakoma 1936. Ilipojengwa upya kati ya 1997 na 2011, karibu kilomita 40 kutoka Caernarfon mpaka Porthmadog, wakaweka Garratt za aina ya NGG16 kutoka Afrika Kusini, injini kubwa kuliko chochote kilichowahi kupita pale. Kuna waliokasirika. Ila treni ndefu iliyojaa watu kwenye milima ile inahitaji nguvu, na kainjini ka awali kangevuta mabehewa machache na hesabu zisingefunga. Na Garratt hizo zenyewe ni historia, namba 143 ya mwaka 1958 ndo ya mwisho kabisa ya aina hiyo kutoka kiwanda cha Beyer Peacock. Zisingeletwa, nyingi zingekuwa chakavu leo.

Sharti langu ni moja: usizipake rangi na kuzipa jina la injini ya kienyeji ukajifanya zilikuwepo. Eleza zilikotoka.

Na injini mpya za nakala?

Nazipenda. Injini ya Lyd ilitoka karakana ya Boston Lodge ya reli ya Ffestiniog mwaka 2010, nakala ya Lew ya reli ya Lynton na Barnstaple iliyofungwa 1935. Lew yenyewe ilipelekwa Brazil 1936 na hakuna aliyeiona tena. Hapo hukugusa kitu chochote cha zamani, hukupoteza ushahidi, na vijana wamejifunza kutengeneza injini ya mvuke kuanzia bamba tupu, ujuzi ambao hakuna chuo kinakupa. Nakala ikipata fani za kisasa ndani, au chuma bora kuliko cha 1900, sioni kosa lolote.

Dizeli ni aibu?

Hapana. Darjeeling, reli ya 610 iliyokamilika 1881 na iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1999, dizeli zinabeba safari ndefu na mvuke unapiga zile fupi za watalii kati ya Darjeeling na Ghum. Injini za mvuke zinapumzika, njia inaendelea kuwa na treni, wenyeji wanasafiri. Na zipo dizeli ndogo za migodini ambazo sasa zenyewe zina miaka 80 na zinastahili fundi na paa kama mwenzake wa mvuke.

Mabehewa ya zamani hayana nafasi ya wheelchair wala choo, tufanyeje?

Usikate behewa la 1870 kupanua mlango. Jenga behewa jipya lenye sura ya familia hiyohiyo, mlango mpana, rampu, sehemu ya kufungia kiti, uliunganishe kwenye treni ileile, na mtu mwenye wheelchair asikilize injini ileile na kona zilezile na wenzake. Kumwambia mtu abaki stesheni kwa sababu ya uasili ni kitu kibaya sana na hakina utetezi.

Asbesto na rangi ya risasi?

Ondoa, kwa wataalam wenye kibali. Kizuia joto cha boila kiko ndani ya bati, hakuna abiria atakayeona umeweka sufi ya madini. Rangi, chukua sampuli ya kila tabaka kwanza kabla ya kukwangua.

Kuna kitu cha zamani ambacho bado ni bora kuliko cha kisasa?

Tokeni. Kwenye reli yenye njia moja tu ya kwenda na kurudi, dereva haingii kipande mpaka awe ameshika mkononi kile chuma cha kipande hicho, na mashine za stesheni mbili zimeungwa kwa umeme ili kisitoke zaidi ya kimoja. Mtu anakiona, anakigusa, anasoma jina lililochongwa juu yake. Talyllyn na Ffestiniog bado wanatumia mfumo wa aina hii. Redio ongeza, ni msaada mkubwa mtu akiumia njiani, ila iwe ya kuongezea tu.

Nani aamue, wahandisi au wanahistoria?

Wakae meza moja kabla ya kazi kuanza. Kwenye usalama mhandisi ana neno la mwisho na halijadiliwi. Kwenye namna ya kutekeleza, mwanahistoria asikilizwe, kwa sababu mara nyingi kuna njia tatu za kufikia usalama uleule na moja kati yake haigusi kitu cha zamani. Baada ya hapo kila badiliko liingie kwenye kitabu cha injini au cha jengo: tarehe, nani, kwa nini, kilichotolewa kiko wapi.

Je, kuna usumbufu wa zamani ambao inafaa kuubakisha hata kama unachosha?

Upo, na mfano wake uko Uswisi kwenye reli ya mvuke ya Furka. Njia hiyo ya mlimani iliachwa handaki la chini lilipofunguliwa 1982, watu wa kujitolea wakaifufua kipande kwa kipande kuanzia 1992 mpaka 2010, na injini baadhi walizirudisha kutoka Vietnam. Kwenye bonde la Steffenbach kuna daraja la chuma la 1925 ambalo linakunjwa kila mwaka kabla ya theluji, kwa sababu daraja lililotangulia lilizolewa na maporomoko. Vipande viwili vinavutwa vinalala kwenye kingo, kile cha katikati kinakunjwa, na mwishoni mwa masika wanarudi kulifungua tena kwa winchi. Ni kazi ya mikono, baridi kali, kila mwaka. Daraja la kudumu lingebebwa na theluji palepale, kwa hiyo hapo ya wazee ndo inayofanya kazi mpaka sasa.